Kichaka cha Beri cha Mama Mkwe

Mume wangu aliniapia kwamba kwao Mufindi kuna kichaka cha beri nyeusi kisicho na mwiba hata mmoja. Mimi nilitaka kwenda kukiona. Yeye, kumbe, alikuwa anataka kukikata.

Kila mwanamume ana hadithi moja ya utotoni ambayo akishakunywa bia mbili lazima aisimulie. Kuna wanaosimulia walivyokuwa wanacheza mpira wa makaratasi, kuna wanaosimulia fimbo za mwalimu mkuu. Wa kwangu hadithi yake ni ya beri.

"Kwetu," ataanza, na wote mezani tunajua kinachokuja, "nyuma ya nyumba, ukishuka mtoni, kuna kichaka kimoja. Vichaka vingine vyote vina miiba, ukiingiza mkono unatoka na damu. Lakini kile kimoja! Unachuma kwa mikono miwili kama unakamua ng'ombe. Hakuna cha mwiba wala nini."

Sasa mimi ni mtoto wa Ilala. Ukinitajia blackberry nakumbuka ile simu ya vitufe tuliyokuwa tunaringia nayo mjini, ambayo huduma zake zilizimwa rasmi Januari 2022. Matunda yenyewe niliwahi kuyaona supamaketi, kwenye kikopo cha plastiki, nikasoma bei mara mbili na kukirudisha kwenye friji taratibu. Kwa hiyo Desemba tulipopanga kwenda kula Krismasi kwa mama mkwe, na baadaye kusogea mpaka Mbeya kupumzisha akili, nilimwambia mwenzangu: "Safari hii kichaka chako nitakiona kwa macho yangu."

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi kidogo, ila sikukitilia maanani.

Kimya cha kilomita mia

Kama hujawahi kwenda Iringa kwa barabara, unajinyima. Unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, twiga wanakuangalia bila haraka, halafu unaingia bonde la mibuyu ambako joto linakupiga usoni. Ruaha Mbuyuni wanakuletea vitunguu mpaka dirishani. Baada ya hapo ndiyo Kitonga, mlima wa kona na malori yanayopanda kwa kuhema. Ukishafika juu unafungua dirisha na hewa ni nyingine kabisa, unatafuta sweta.

Ni pale Ruaha Mbuyuni, mimi nikiwa napatana bei ya vitunguu, ndipo nilipomsikia mume wangu akiongea na simu. "Miche mia na hamsini, ndiyo. Advansi nimeshatuma. Hapo mtoni tutafyeka kote, mwezi wa kwanza tunapanda."

Nikamuuliza miche ya nini. Parachichi, akasema, za aina ya Hass, zile zinazosafirishwa nje. Nikamuuliza advansi ametoa wapi. Akaangalia barabara.

Mpenzi msomaji, tulikuwa na miaka mitatu tunaweka akiba ya msingi wa nyumba Kigamboni. Mimi naweka, yeye anaweka, kila mwisho wa mwezi. Nilijua jibu kabla hajalisema.

Kutoka hapo mpaka Iringa mjini hatukuongea. Jioni akanipeleka juu ya jiwe la Gangilonga, mahali ambapo wapenzi wengi wa mji ule hupanda kuangalia jua likizama juu ya mabati ya nyumba. Kwa Kihehe jina hilo maana yake ni jiwe linaloongea. Basi kama jiwe liliongea siku hiyo sijui, ila sisi wawili tulikaa kimya mpaka giza likaingia.

Kamwene!

Kutoka Iringa hadi Mafinga ni kama kilomita 80. Ukikaribia unaanza kuona misonobari imepangwa mistari kama wanafunzi paredi. Hapo ndipo lilipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini. Siku hizi kila mwenye ekari naye kapanda. Wenyeji wanakwambia miti ni benki: unaweka leo, unakuja kutoa mtoto akifika chuo. Ukiacha barabara kuu na kuingia ndani upande wa mashariki unakutana na chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama zulia, na ukungu unaotembea juu yake asubuhi nzima.

Mama mkwe alitupokea uani.

"Kamwene, mama," nikajitahidi.

"Kamwene, mwanangu, karibu." Akanishika mikono yote miwili, akanigeuza geuza kama anayekagua kitambaa. "Mbona umenuna? Huyu kakufanya nini?"

Mume wangu akajifanya anatafuta mahali pa kuegesha gari. Uwanja ulikuwa mtupu kabisa.

Usiku tulikaa jikoni kwenye moto, maana baridi ya Mufindi haina adabu hata Desemba. Tulikula ugali na maharage ya kuunga, tukanywa chai nzito. Mama akauliza habari za kazi, za ndugu, za foleni za Dar. Habari za parachichi hakuuliza, na mwanawe hakuzitaja.

Damu kidoleni

Asubuhi tukashuka mtoni wote watatu. Mama alitangulia na mundu mkononi, khanga kiunoni, anatembea haraka kuliko sisi. Nyuma ya nyumba ardhi inateremka mpaka bondeni, na kule chini kuna vinyungu, yaani zile bustani za bondeni ambazo watu wa Iringa hulima kiangazi kwa kutumia unyevu wa ardhi. Mkondo wenyewe ni mwembamba, unaweza kuuruka, lakini maji yake yanaonekana mpaka chini. Pembeni ipo mivengi mikubwa, miti ya asili ambayo wazee wa Nyanda za Juu watakwambia inatunza maji.

Na kati ya mivengi na kinyungu, kichaka.

Jamani, ni kizuri. Mashina yake marefu yanapanda juu halafu yanainama kama upinde mpaka kugusa chini. Majani yana meno pembezoni, na ukiyageuza upande wa chini yana weupe fulani kama unga. Matunda yake yamekaa kwa vikonyo, na kwenye kikonyo kimoja utakuta lililo jekundu bado kali, na lililo jeusi tii limejaa maji. Ukiliangalia kwa karibu unaona tunda moja ni mkusanyiko wa vipunje vingi vidogo vilivyoshikana, kila kimoja na mbegu yake ndani.

"Si nilikwambia!" mume wangu akasema, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu Ruaha Mbuyuni. "Chuma!"

Nikaingiza mkono. Nikautoa kwa kelele.

Kidole kilikuwa kinatoka damu. Akakishika, akakiangalia, akakiangalia kichaka. "Haiwezekani." Akaingiza mkono wake mwenyewe. Naye akautoa. Miiba midogo iliyopinda kama kucha za paka ilikuwa kote: kwenye mashina, kwenye vikonyo, hata chini ya majani kwenye ule mshipa wa katikati.

"Mama, mmeng'oa kile cha zamani?"

Mama alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno. "Ni hikihiki."

Ndipo akatueleza. Kichaka kile kilikuwa na miiba tangu yeye anaolewa pale. Watoto wake walikuwa watano, na msimu wa beri walikuwa wanashuka mtoni kabla ya shule. Wanarudi mikono imechanika, sare zina damu, wanalia. Basi yeye akawa anaamka kabla hawajaamka, anashuka na kipande cha gunia na mgongo wa mundu, anasugua mashina ya upande wa njia. Kuanzia magotini mpaka urefu wa mtoto. Miiba ile ukiisukuma kwa ubavu inabanduka yenyewe.

"Mwaka unaofuata yanatoka mashina mapya, nayo nasugua," akasema. "Mpaka wewe wa mwisho ulipokwenda bwenini sekondari. Nikaacha."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza."

Mume wangu ana miaka thelathini na minne. Alisimama pale na kidole mdomoni kama mtoto wa darasa la pili.

Miiba inatoka wapi?

Niliporudi kwenye mtandao, kule juu kilimani ambako simu inashika, nikaanza kusoma. Beri hizi ni za jamii ambayo wataalamu huiita Rubus, na ni ndugu wa karibu wa waridi na tofaa. Tanzania tuna aina kadhaa za asili, kama Rubus steudneri, Rubus pinnatus, Rubus rigidus na Rubus apetalus, na ipo iliyobeba kabisa jina la mkoa: Rubus iringanus. Nyingi zinapenda milima yenye baridi na mvua, kando ya misitu, kwenye mabonde ya vijito, na mahali ambapo mti umeanguka au moto umepita na jua limepata nafasi ya kuingia.

Sasa kuhusu miiba. Mwiba wa mchungwa unatoka ndani ya mti. Ukiuvunja unasikia unavunja kijiti. Wa beri, kama wa waridi, unaota kwenye ngozi tu. Ndiyo maana mgongo wa mundu wa mama ulitosha. Na shina la beri nyingi za jamii hii lina maisha mafupi: linaota mwaka huu, linazaa mwaka unaofuata, kisha linakauka na jipya linatoka mzizini. Kwa hiyo kazi ya mama haikuwa ya kufanya mara moja ikaisha. Kila mwaka ilianza upya.

Beri zisizo na miiba zipo kweli duniani. Milimani huko Amerika ya Kaskazini inaota porini aina iitwayo Rubus canadensis, ambayo mashina yake ni laini au yana miiba michache sana. Lakini iliyonifurahisha zaidi ni ile iliyopatikana Oregon, Marekani, mwaka 1926: shina moja lisilo na miiba katikati ya shamba lenye miiba, likazalishwa mpaka likawa la biashara. Wakulima walikuja kugundua kichekesho chake. Usio na miiba ni ule utando wa nje tu. Ndani mmea ni uleule, na chipukizi linalotoka moja kwa moja mzizini linakuja na miiba yake kama kawaida.

Nilimsomea mume wangu sehemu hiyo kwa sauti. Akasema, "Unanisema mimi." Nikasema, "Nasoma tu."

Maji anayakunywa nani

Jioni hiyo alimwambia mama mpango wake. Mama alikuwa anaujua. Kijijini hakuna siri ya miche mia na hamsini.

"Shamba ni lenu," alisema. "Mimi ni wa kuondoka. Lakini maji yale nayanywa leo."

Akatuonyesha ng'ambo, bonde la jirani. Huko walifyeka mpaka mtoni miaka ya nyuma, wakapanda mikaratusi. Miti imekua mizuri, mirefu, na imeuzwa vizuri. Kijito hakipo tena isipokuwa mvua ikinyesha. Wanawake wa upande ule wanakuja kuchota kwetu.

Mimi nikaongeza la kwangu, maana nilikuwa nimesoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Kichaka cha beri hakikuwa hata mita 10. Na tuseme ukweli, hata vinyungu vyenyewe vimekuwa na mvutano na serikali kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliye safi kabisa.

Mwenzangu hakujibu. Baadaye chumbani akaniambia kitu ambacho hakuwa amekisema njia nzima. Kwamba wenzake aliokua nao pale wote wana mashamba ya miti au parachichi, wanamcheka kwamba yeye ni mpangaji wa Dar mwenye suti. Kwamba aliogopa akiniambia nitasema hapana. Nikamwambia ningesema hapana, ndiyo. Halafu tungeongea. Tatizo langu halikuwa miche. Tatizo langu lilikuwa kuambiwa na muuza vitunguu akiwa amenizidi kusikia.

Hapo tukacheka kidogo. Kidogo tu.

Mpaka Mbeya

Baada ya Krismasi tukaendelea na safari: Makambako, Chimala, Uyole. Yeye alitaka kunionyesha parachichi za Rungwe ili nikubali. Mimi nilitaka kuona mahali ambapo beri zinaishi bila mtu wa kuzifyeka. Tukagawana siku.

Siku yangu tulipanda ziwa Ngozi, lile ziwa la kreta linalofichwa na msitu upande wa barabara ya Tukuyu. Kupanda ni shughuli. Njia ni ya matope, mianzi inakufunika, jasho linakutoka na baridi inakukausha papo hapo. Ukifika ukingoni unaona maji ya kijani chini kabisa, kama bakuli lililowekwa mbali usilifikie. Sisi tulishikana mikono tukashuka kimya, ila safari hii kilikuwa kimya kizuri.

Kando ya njia, kila mahali mti ulipoanguka, palikuwa na beri. Kijana aliyetuongoza akatueleza kwa nini. Mti mkubwa ukianguka jua linaingia, na beri ndiyo inawahi, kwa sababu ndege kama kuzumburu wanakula tunda na kudondosha mbegu kokote. Kichaka kinajaa miiba. Wanyama wa kutafuna majani wanakikwepa. Sasa ndani ya miiba hiyo, mche mdogo wa mti wa msitu unakua bila kuliwa. Miaka inapita, mti unakizidi kichaka kimo, unakitilia kivuli, na beri inakufa taratibu. Kazi yake imeisha. Wakati mwingine kichaka kinazidi na kuuziba mche wenyewe, akasema, siyo kila kichaka ni mlezi mzuri.

Mume wangu alimsikiliza sana huyo kijana.

Misitu hii ina mambo. Mwaka 2003 watafiti walimwona mlima Rungwe nyani ambaye sayansi haikuwa inamjua, kipunji, ingawa wawindaji wa pale walikuwa wanamfahamu siku zote. Akatangazwa duniani mwaka 2005. Anaishi sehemu mbili tu: misitu ya Rungwe na Livingstone huku Mbeya na jirani zake, na msitu wa Ndundulu kwenye safu ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mwaka 2009 msitu wa mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Kwa hiyo unapoona mtu anakata "kichaka tu" pembeni ya msitu, jua ni mlango wa nyumba ya mtu.

Siku iliyofuata tulirudi Chimala tukapanda ile barabara wanayoiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Juu kule ni Kitulo, uwanda ulio kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, hifadhi ya taifa tangu 2005. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na Desemba hiyo nilielewa. Maua mpaka macho yanachoka: manjano, zambarau, meupe, na okidi ambazo peke yake ni aina 45. Kwa miaka mingi viazi vya okidi hizo vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia kutengeneza chikanda, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kupafanya hifadhi. Kule juu huruhusiwi kuchuma hata ua moja la kumpa mpenzi. Mwambie neno zuri tu, linatosha.

Siku ya parachichi

Siku yake tulikwenda kwa mkulima mmoja wilayani Rungwe. "Mwagonile!" mzee akatupokea kama ndugu, akatukatia parachichi chini ya mti wenyewe. Mume wangu akamweleza shamba la Mufindi kwa fahari: bonde, udongo mweusi, maji karibu.

Mzee akaacha kutafuna. "Maji karibu kiasi gani?"

"Hapohapo. Ukichimba kidogo unayakuta."

"Basi hapo usipande. Parachichi haipendi kukaa miguu majini. Mizizi inaoza, mti unanyauka kuanzia juu, na wewe unabaki unashangaa. Panda juu, kwenye mteremko, maji yanapopita na kuondoka."

Nilijitahidi sana nisimwangalie mume wangu. Sikufanikiwa.

Njiani kurudi tukafanya hesabu kwenye simu. Mteremko wa juu unatosha miche 80. Mwenye kitalu aligoma kurudisha advansi, kwa hiyo miche 70 iliyobaki tukamwachia shemeji yangu kwa bei ya kulia, alipe kidogo kidogo. Msingi wa Kigamboni umesogea mwaka mmoja mbele. Hilo bado linaniuma na sitaficha. Parachichi za kuunganishwa zinaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo kusubiri kupo.

Ila tumewekeana sheria moja: chochote kinachozidi laki mbili, tunaongea kwanza. Hata kama unajua mwenzio atasema hapana. Hasa kama unajua atasema hapana. Na bondeni pale, kuanzia mtoni kupanda juu hatua 60 ndefu, hakuna kufyeka. Mama alizihesabu yeye mwenyewe, na hatua zake si fupi.

Asubuhi ya mwisho

Tulirudi Mufindi kulala usiku mmoja kabla ya Dar. Alfajiri nikapapasa kitanda, upande wa pili wa baridi. Nikajua kaenda kwa wenzake, nikageuka nikalala.

Akarudi jua likichomoza, suruali imelowa umande mpaka magotini, bakuli la beri mkononi. Mikono yake ilikuwa imechanika kama aliyepigana na paka. Mundu wa mama na kipande cha gunia vilikuwa kwapani.

"Upande wa njia nimeumaliza," akasema. "Mpaka urefu wako."

"Na upande wa nyuma?"

"Ule waachie kuzumburu."

Mama alikuwa mlangoni anatuangalia. Hakusema kitu. Alikwenda kuongeza maji ya chai.

Ukitaka kwenda na mwenzi wako

Usafiri: Mabasi ya Dar kwenda Iringa na Mbeya ni mengi, na yanaondoka alfajiri. Mwenye haraka anaweza kuruka mpaka uwanja wa Songwe nje ya jiji la Mbeya. Kwa Kitulo na Hamsini na Saba tafuta gari lenye nguvu, hasa mvua zikiwa zimeanza.

Wakati: Maua ya Kitulo ni Desemba hadi Aprili, ila beba koti la mvua. Juni hadi Agosti ni kavu na baridi kali, nzuri kwa wanaopenda moto wa kuni na blanketi moja.

Mavazi: Mikono mirefu, suruali nzito, viatu vya kushika matope. Sweta siyo hiari.

Kuchuma: Usile tunda la porini usilolijua, mwombe mwenyeji akuonyeshe. Beri iliyoiva inaachia yenyewe ukiigusa, na ikishachumwa mbichi haiivi tena nyumbani, kwa hiyo ya kulazimisha iache. Ioshe unapotaka kuila, siyo kabla, la sivyo inaoza haraka. Ndani ya hifadhi usichume kitu, na nenda na mwongozaji.

Jamu ya haraka: Vikombe vinne vya beri, viwili vya sukari, maji ya limau moja. Chemsha moto mdogo huku ukikoroga mpaka ishike kijiko. Mpeleke mwenzio mkate na chai kitandani, kisha mwambie lile jambo ambalo umekuwa unaogopa kumwambia.